Ule Mchezo wa Pango Niliouponda

Shoga, nimechoka. Asubuhi nimepigiwa simu na yule jamaa aliyetengeneza ule mchezo mpya wa video, ule wa pango.

Ndiyo, huohuo niliouponda jana kwenye chaneli yangu ya kuchambua michezo. Niliosema mtu anazunguka gizani kama pia, hajui aendako.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniuliza tu kwa upole, "Dada, sauti uliwasha?"

Sauti.

Si unajua kwetu. Mama akitoka zamu ya usiku hospitalini analala mchana, na televisheni imepakana na kitanda chake, ukuta tu katikati. Miaka yote nacheza kimya. Nimezoea hadi nimesahau kwamba michezo ina sauti.

Kumbe humo pangoni njia unaitafuta kwa kusikiliza maji yanatiririkia wapi. Ndio mchezo wenyewe huo. Na mimi nimewatangazia watu wote wale kwamba hauna mwelekeo.

"Dada, sauti uliwasha?" Mpaka sasa naisikia.

Nikajikanyaga weee, mwisho nikamwahidi nitarekodi video nyingine niombe radhi mbele ya watu. Yeye akashukuru. Akashukuru, shoga.

Basi nikaazima hedifoni za kaka, nikajifungia chumbani. Nimeyafuata hayo maji mchana kutwa, ndio nimefika mwisho wa pango sasa hivi.

Mchezo ni mbovu vilevile. Maji yenyewe yanasikika kama mtu anakaanga.

Na radhi nimeshaahidi.