Nimepanda Bila Kurithiwa

Mpendwa Baba Akinyi,

Nimepanda. Najua hapo ulipo umeshika kichwa, lakini nimepanda, na ndugu yako Okoth hajaingia nyumba hii kunirithi wala hataingia.

Unakumbuka ulivyonicheka mwaka uliponioa? Msichana wa dukani Kendu Bay, mboga nazijua zikiwa mafungu sokoni tu. Ulishika kamba ya kunyoosha mistari upande mmoja wa shamba, mimi nikidondosha mahindi, na nilipokataa kupumzika ukasema, "Kichwa chako ni jiwe, Nyar Kendu." Nilipenda ulivyolisema hilo, binti wa Kendu.

Basi ulipozikwa wakaniambia mjane hagusi mbegu mpaka arithiwe. Akipanda analeta chira, ile laana ya kuvunja mwiko, na watoto wanakufa. Watoto walikuwa wanakula ugali na chumvi, Baba Akinyi! Nikachimba kipande nyuma ya jikoni, nikamwaga samadi mbichi ya ng'ombe, nikapanda mboga za sukuma. Wiki moja tu, miche yote ikaungua. Mama yako akaja akasimama uani. "Si tulikuambia?"

Nililia. Niliogopa pia, kila asubuhi nikawa nawagusa watoto paji la uso. Hakuna aliyeugua.

Mara ya pili niliacha samadi ioze kwanza, lakini nikahamisha miche saa sita mchana, jua la hapa kwetu Karungu likaimaliza. Okoth akatuma watu: nipike chai, anakuja Jumamosi. Nikawaambia aje na jembe kama anatafuta kazi. Hakuja.

Mara ya tatu nilihamisha jioni. Nikabeba yale magugu maji wavuvi wanayoyalaani huko ufuoni, nikayakausha, nikayatandaza kati ya miche ili udongo usikauke. Sasa sukuma imenifikia kiunoni. Ilikuwa samadi na jua, si chira! Mama yako bado hali mboga zangu, lakini juzi aliniuliza samadi niliilaza muda gani.

Nakukosa sana. Ningetaka uzionje.

Sasa wanasema mboga ni mboga tu, mwiko wenyewe uko kwenye shamba kubwa, na nisipomkubali Okoth nirudi kwetu. Mvua ikinyesha nitaingia huko na jembe langu, mchana kweupe, wote wakiona. Mahindi yakikataa, nitapanda tena. Eti nirudi kwetu. Kwetu ni wapi, kama si hapa nilipokuzika?

Pumzika, mpenzi.

Mkeo, wala si wa Okoth,
Mama Akinyi