Duara Nililochora Ijumaa

Jumapili, Februari 2007. Maghrib imeshaingia na kutoka. Joto limetuama mjini, hakuna jani linalotikisika, na mimi siwezi kukaa kitako. Nshakunywa maji mara tatu. Nshafungua dirisha nikalifunga, nikalifungua tena. Niko ofisini peke yangu na kompyuta ya bosi, naandika kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, na kila baada ya sentensi mbili nnasimama nakwenda mpaka mlangoni, narudi.

Kombe tumelichukua. Watu wananitumia ujumbe wa pongezi tangu mchana, na kila simu ikilia naigeuza kifudifudi. Nitaeleza kwa nini, lakini niacheni niende kwa mwendo wangu, mana jambo lenyewe nalionea haya.

Kwa wasioujua mpira wa magongo: bao halihesabiwi mpaka mshambuliaji aupige mpira akiwa ndani ya duara, yaani ndani ya ule mstari mweupe unaozunguka mbele ya goli. Ukiupigia nje ya mstari ukaingia wenyewe, hata ukachana wavu, ni bure. Na mstari huo, hapa klabuni kwetu, nauchora mimi.

Hatuna mashine wala mtu wa uwanja. Tuna ndoo ya chokaa na kamba moja ya zamani iliyofungwa vitambaa viwili. Kitambaa chekundu kiko kwenye yadi kumi na sita, hicho ndicho kipimo cha wakubwa. Cha kijani kiko kwenye yadi kumi na nne, tulikifunga kwa ajili ya wanafunzi wa skuli wanaojifunza Alhamisi. Unafunga ncha ya kamba kwenye mlingoti wa goli, unafunga kijiti kwenye kitambaa, unaikaza kamba, unazunguka ukikwaruza ardhi. Halafu unamwaga chokaa juu ya mkwaruzo. Kazi rahisi, nimeifanya miaka.

Ijumaa asubuhi mimi na Masoud, nahodha wetu, tulichora goli la upande wa mjini bila tatizo. Ikapigwa simu kwamba wageni kutoka Tanga wanashuka bandarini, Masoud akaondoka mbio kuwapokea. Nikabaki peke yangu na goli la upande wa bahari. Kijiti kikanikatikia mkononi, nikatafuta chengine, nikakifunga upya. Msikitini washaanza kusoma, Ijumaa hiyo, na mimi bado sijaoga. Vitambaa vyote viwili vimeganda chokaa, huwezi kujua kipi chekundu na kipi kijani mpaka uvikwaruze kwa ukucha.

Sikuvikwaruza.

Kwetu wageni wa mashindano hawalali gesti. Kila mchezaji anachukua mgeni wake, analala naye nyumbani, anakula naye, na vita vya uwanjani vinabaki uwanjani. Mimi nilipewa Athumani, mshambuliaji wao, fundi cherehani wa miaka arubaini na kitu, mtu wa maneno machache, magoti yote mawili kayafunga bandeji. Alipoingia tu alimwamkia mama yangu, "Shikamoo mama," na kabla hajakaa akatoa doti ya kanga aliyomletea. Bi Mkubwa akampenda hapo hapo. Athumani alituambia kuwa daktari kamwambia aache mpira, magoti hayafai tena, kwa hivyo safari hii ni ya mwisho. Aliyasema haya akicheka, na mimi nikacheka naye, mana ndivyo tunavyofanya wanaume tukiambiwa jambo la kusikitisha.

Jumamosi nusu fainali, sisi na wao. Tunaongoza moja kwa bila, zimebaki dakika chache, mimi nimesimama goli la upande wa bahari nna jasho mpaka ndani ya viatu. Mpira ukamfikia Athumani pale mbele, kidogo kushoto. Hakuusimamisha. Aliupiga vile vile ulivyomjia, nami sikuuona mpaka niliposikia ubao wa chini ya wavu unalia nyuma yangu. Wenzake wakaruka. Yeye akaliacha gongo lianguke, akashika kichwa kwa mikono miwili, mtu mzima machozi yanamtoka.

Na mimi, kwa ulimi huu huu, nikanyanyua mkono nikapiga ukelele: "Nje! Refa, nje hiyo! Tazama mstari!"

Refa alikuwa mtu wa klabu nyengine, mtu mwaminifu, hana lake. Akaja mpaka pale, akainama. Gongo lilichuna nyasi, alama inaonekana, na alama ilikuwa nje ya chokaa kwa hatua nzima. Akalikataa bao. Wallahi nilipopiga ule ukelele nilikuwa naamini ninachokisema. Nashikilia hilo kwa mikono miwili, mana baada ya hapo sina jengine la kujitetea.

Vijana wa Tanga walimzonga refa, mmoja akataka kutoka uwanjani kabisa. Athumani ndiye aliyewatuliza. "Mstari si ule pale, jamani? Tucheze." Wakacheza. Tukashinda.

Baadaye wenzangu walitangulia, mimi nikenda stoo kuweka vifaa. Kamba ilikuwa sakafuni kama nilivyoitupa Ijumaa nilipokuwa nakimbilia kuoga. Kijiti bado kimefungwa pale pale nilipokifunga. Nikakifungua, chokaa ikabanduka ikadondoka, kitambaa kikatoa rangi yake.

Kijani.

Nilikaa juu ya ndoo. Yadi mbili. Nilichora duara la watoto kwenye mashindano ya watu wazima, na Athumani alikuwa nje ya duara hilo kwa hatua moja tu. Hata mimi, ambaye hesabu zilinishinda skuli, niliweza kuipiga hesabu hiyo.

Sasa sikilizeni. Nafasi nilikuwa nayo. Refa yuko nje pale anakunywa dafu. Masoud yuko naye, nahodha wa Tanga yuko naye, wanacheka wote. Hazifiki hatua thelathini. Ningewaita nikawaonyesha kamba, na wao wangeamua, pengine mchezo urudiwe, pengine wapige penalti. Nikaitia kamba kwenye gunia, nikalikaza gunia, nikenda nyumbani kula.

Sitazunguka. Nna miaka thelathini na sita, nimesimama golini miaka kumi na minne, na sijapata kulishika kombe hata siku moja. Zamani kidogo nilifungwa manne katika fainali moja, na tangu siku hiyo mtaani mimi ni Mlango Wazi. Barazani Mlango Wazi, harusini Mlango Wazi, hata muuza kahawa akinijazia kikombe ananiita hivyo, nami nacheka kama kwamba hainiumi. Inaniuma. Nililitaka kombe lile, basi. Sababu nyengine sina.

Bi Mkubwa alipika wali wa nazi na changu wa kukaanga, na mchuzi wake ule wa ukwaju. Tulikula sinia moja, mimi na Athumani, na mama kila saa anamsogezea minofu. "Kula mwanangu, umekimbia sana leo." Athumani akala kwa raha. Katikati ya kula akaniambia, bila chuki yoyote, "Lakini nimeupiga ule, Nassor. Hata kama nje, nimeupiga." Nikamwambia umeupiga, ndugu yangu. Nikamsogezea mnofu na mimi.

Nimesimama sasa hivi nikaenda mlangoni tena. Barabarani wanapita vijana wetu wanaimba. Nimerudi.

Leo, baada ya sala ya alfajiri, nikabeba gunia na ndoo nikenda kiwanjani. Nilishajipangia: nitalichora upya lile duara kabla hajafika mtu, fainali ichezwe kwenye mstari wa haki, na yaliyopita yameshapita. Niliiona hiyo ni tauba ya kutosha. Astaghfirullah. Sijafika hata nusu ya njia, nasikia nyuma yangu mtu ananiita. Athumani, katoka msikitini, kaniona na ndoo. "Nipe nikubebee. Mgeni gani analala kwa watu halafu asisaidie kazi."

Nikampa ndoo.

Akashika ncha ya kamba kwenye mlingoti kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nikakikwaruza kitambaa safari hii, nikapata chekundu, nikafunga kijiti, nikazunguka. Mstari mpya ulikuwa unakwenda mbali na ule wa zamani, wazi kabisa, kipofu angeuona. Nikahamia mlingoti wa pili, naye akahama na kamba yake, nikamaliza upande ule sijanyanyua kichwa. Nilipogeuka alikuwa keshaiacha kamba. Anakwenda polepole na magoti yake mpaka pale palipochunika nyasi. Akasimama. Mstari wa zamani uko upande mmoja wa miguu yake, mpya uko upande wa pili.

Aliutazama mmoja, akautazama wa pili. Kisha akaniuliza, "Ulijua lini?"

Nikamwambia jana, baada ya mchezo.

"Kabla hatujala?"

"Kabla."

Alichukua jembe stoo, akaanza kuufukia ule mstari wa zamani, na mimi nikaufukia upande wangu, mpaka tukakutana katikati. Halafu tukarudi nyumbani kunywa chai. Bi Mkubwa alikaanga chapati. Athumani akamsifu.

Fainali ilikuwa saa nne asubuhi, sisi na watani wetu wa hapa hapa mjini. Timu ya Tanga ilikaa pembeni kutazama. Sijawahi kucheza mchezo mrefu kama ule. Macho yangu hayakuwa kwenye mpira, yalikuwa kwa Athumani. Kila akigeuka nasema sasa hivi anawaambia. Kuna wakati alimwinamia nahodha wao sikioni, nikasema kwisha kazi yangu. Kumbe anaomba chupa ya maji. Na katika hali hiyo hiyo, sijui vipi, niliokoa mipira miwili ambayo kwa akili zangu nzima nisingeiokoa. Tukashinda moja kwa bila. Wakanibeba. Nikapewa kombe nilinyanyue mimi wa kwanza, Masoud kataka hivyo, anasema nimelisubiri kuliko wote. Nililinyanyua. Nilikuwa nikitafuta ile furaha niliyoiwaza miaka yote, naitafuta kila mahali ndani yangu, haipo.

Athumani alikuwa anapiga makofi.

Mchana tukawasindikiza bandarini, kombe limo mikononi mwa Masoud, na Bi Mkubwa kaja na kapu la halua na visheti vya mgeni wake. Kwetu mtu hasafiri bila kuombana radhi. Msafiri anaomba, anayebaki anajibu kisha naye anaomba, ndiyo ada, hujui kama mtaonana tena. Athumani alinishika mkono. Akasema, "Nassor, nimelala kwenu, nimekula kwenu. Kama kuna nililokukosea, niwie radhi."

Akabaki ameushika mkono wangu. Anasubiri.

Nilijua anachokisubiri. Alinifungulia mlango mwenyewe, akanipa maneno yaliyokwisha kutengenezwa, ambayo kila mtu pale bandarini anayasema na hakuna ambaye angeshtuka. Nisingehitaji hata kutaja kamba. Neno moja tu, nami niwie radhi, na yeye angeelewa. Lakini Masoud alikuwa pembeni na kombe, mama ananitazama kwa fahari, na mdomo wangu ukajibu wenyewe kama unavyojibu siku zote.

"Nshakusamehe," nikamwambia.

Basi. Alinitazama kidogo, akauachia mkono wangu, akamuaga mama, akapanda ngazi za boti akishikilia chuma kwa ajili ya magoti.

Nimemsamehe. Mimi ndiye niliyemsamehe yeye.

Nimempigia simu mara nne tangu boti iondoke. Haipatikani. Pengine yuko kwenye basi njiani, pengine chaji imekwisha, pengine kaiona namba yangu. Sijui, na siwezi kusubiri mpaka nijue, ndiyo mana nimekuja hapa. Masoud anausoma ukurasa huu kila Jumatatu asubuhi kabla hajafungua duka. Vijana wetu wote wanausoma. Nahodha wa Tanga nimeshamtumia anwani, na refa nitampelekea mwenyewe. Najua watakavyoniita kesho barazani, na huenda ile Mlango Wazi nikaja kuitamani. Huenda kombe likarudishwa. Huenda Masoud asiniamkie mwaka mzima, na haki yake. Bi Mkubwa hasomi mtandao, yeye nitamwambia kwa mdomo wangu nikitoka hapa, na huyo ndiye ninayemuogopa kuliko wote.

Nabonyeza kabla sijaghairi.

Athumani, niwie radhi. Ulikuwa ndani, hatua nzima ndani. Lile lilikuwa bao.