Ndoo ya Namusoke

Al Muraqqabat, Dubai

Mdogo wangu Mueni,

Natumai barua hii imekukuta ukiwa mzima, na magoti ya Mama yametulia. Mimi niko salama, ila joto la huku linataka kunikaanga.

Yale masomo yako ya falsafa uliyonitumia nimeyasoma nikiwa zamu kwenye lango la hoteli. Nilicheka ulipouliza, wewe mwanachuo mzima, askari wa mlangoni anaonaje swali la Wagiriki wa kale: mtu asiyeonekana na yeyote ana sababu gani ya kutenda haki? Wao walisema mdhalimu hujiumiza mwenyewe hata asipogundulika, wala hawezi kuwa na furaha ya kweli. Nikadhani ni maneno ya watu walioshiba.

Kiangazi maji ya bomba hutoka yakichoma, maana tangi liko juu ya paa. Kwa hiyo sisi sita wa chumbani kila mmoja hujaza ndoo yake jioni, ipoe hadi alfajiri. Jumanne nilikuwa nimesahau yangu. Wenzangu wamelala, basi la kazini liko karibu, na ndoo ya Namusoke, yule Mganda, imejaa pomoni. Nikayaoga maji yake, nikaijaza tena bombani, nikaondoka.

Niliporudi nilikuta kesi. Namusoke alikuwa ameungua mabega, na lawama imemwangukia Achieng, mgeni wetu wa wiki mbili. Da Rehema, Mzanzibari anayetusimamia, ameamua ahamie chumba cha chini, cha watu kumi na wawili. Achieng alikuwa akikunja nguo zake huku analia. Nami nikapanda kitandani, Mueni, nikafungua tena yale masomo yako.

Asubuhi nikasema, "Da Rehema, ni mimi. Achieng hana kosa."

"Kumbe mlinzi ndiye mwizi," akasema Namusoke.

"Khalas, yamekwisha," akasema Da Rehema. "Wiki nzima utatujazia ndoo sote, ya Achieng kwanza. Na wewe Achieng, rudisha nguo zako kabatini."

Nisalimie Mama, na shangazi muuza maharagwe, na baba mdogo fundi baiskeli.

Jana nilijaza ndoo zao zote tano, nikasahau yangu tena. Alfajiri zilikuwa zimepangwa pale, baridi, na hakuna aliyekuwa macho. Nimeoga maji ya bomba, nikiimba.

Dada yako aliyebabuka mgongo,
Kasyoka