Tangaza Albamu ya Bati Moto

Dzaleka, mwezi wa kumi na mbili

Kwako Asifiwe, mtoto wa dada yangu,

Pokea salamu za mkono wenye sugu za gita. Mi niko mzima. Malaria ilinipitia mwezi uliopita, lakini nilitembea nayo kambi nzima ya wakimbizi mpaka ikachoka yenyewe ikaniacha. Na nyinyi huko Bukavu mnaendeleaje? Goti la mama yako linamruhusu kupanda zile ngazi za kanisa? Baba yako alipona kile kikohozi, au bado anakataa dawa na kunywa tangawizi tu? Na wewe sauti iko? Itunze, maana sasa ndiyo inakulisha.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema kwenye redio ya mtaa wamekupa kipindi cha muziki wa roki, na kabla mwaka haujaisha unataka kuwatajia wasikilizaji albamu zinazongojwa mwaka ujao, hasa za wale wanaozitoa wenyewe bila kampuni, wale mnaowaita indi. Unaniuliza huku Malawi kuna nini. Umemuuliza mwenyewe kabisa. Kama kuna roki katika kambi hii, mi njo niliileta, mgongoni, kutoka Bukavu. Siku ya kwanza nilipochoma mlio, nilikuwa nimeichana karatasi ya bafle, ile spika, kwa wembe ili gita lingurume. Noti ya kwanza tu, kuku wa Dowa walitaga kabla ya siku yao. Waendesha kabaza walishuka kwenye baiskeli zao wakaikagua minyororo, wakidhani imekatika. Usicheke. Waulize.

Basi sikiliza, nikupe habari za wengine kwanza. Kule Kauma, mtaa wa Lilongwe, kuna vijana watatu wa Kimalawi. Kila mwisho wa mwaka wanabandika matangazo ukutani kwamba albamu yao inatoka mwakani. Karatasi wanazo nyingi, nyimbo sijazisikia. Ukitaka, watangaze, lakini kwa sauti ya chini. Hapa kambini kuna binti wa Kirundi anaimba na gita lake peke yake, anarekodi kwa simu, amejifunika blanketi ili kelele za jirani zisiingie. Ya huyo itatoka kweli. Nyimbo zake zina huzuni na ni nzuri. Mi njo nilimfundisha, au ningemfundisha kama angeniomba. Halafu City Centre, hukohuko Lilongwe, kuna bendi ya wazungu wa misaada, wanapiga roki hotelini jioni za Ijumaa. Nao wanasema mwakani. Watasema hivyo mpaka kandarasi zao ziishe warudi kwao. Wenzetu wale wakichoka na mahali wanakata tiketi.

Sasa tuje kwa Bati Moto, bendi yangu, ambayo nimekuambia mwakani, mwakani, mpaka umeona aibu kuitaja tena. Njo ninachotaka kukueleza, ili ujue utasema nini hewani.

Huku mtu jina lake likitoka la kusafirishwa kwenda nchi za mbali, hangoji kumaliza wimbo. Leo mko kwenye repetisyo, mnafanya mazoezi, kesho anapimwa mapafu, keshokutwa yuko kwenye basi anapunga mkono. Bendi ngapi zimekufa hivyo! Mi nikaweka sheria. Yule ambaye jina lake limetoka, kabla ya basi, anaenda Lilongwe, mtaa wa Biwi, kwa Chisomo, Mmalawi mwenye studio nyuma ya saluni ya dada yake, kuta zote zimebandikwa trei za mayai. Anapiga sehemu yake ya nyimbo zote. Anaacha mkono wake. Wengine watapiga juu yake zamu yao ikifika. Siku hizi hata kwaya za kambi zinafanya hivyo, na hakuna anayesema asante kwangu.

Wa kwanza alikuwa Ndayi, Mrundi wetu wa batri. Alipiga ngoma peke yake, mi nimesimama nyuma ya kioo namwimbia gita kwa mdomo ili asipotee. Akaenda Kanada. Akafuata Amani wa besi. Alilia, akasema ni vumbi la trei. Kanada. Mwisho Furaha, mwimbaji wetu, yule dada wa Uvira mwenye sauti ya kupasua bilauri. Aliimba zote, akatoka studio na mabegi yake moja kwa moja uwanja wa ndege. Kanada vilevile. Na kila mmoja aliniaga kama mjomba wake, kwa maneno hayohayo: "Tonton, zamu yako inakuya."

Ikabaki solo yangu tu. Albamu nzima ilikuwa imelala kwa Chisomo, ina nafasi tupu mahali pa gita langu. Watu wakaniuliza, kwa nini usiende ukapige ikaisha? Nikawajibu, sheria ni sheria. Mkono unaachwa na anayeondoka. Jina langu likitoka, nitapiga. Nilishahojiwa kwa ajili ya safari hiyo, Asifiwe, na nilijibu mpaka yule mama wa ofisi akaweka kalamu chini akaniangalia. Akasimama kunipa mkono. Tangu siku hiyo kimya. Nikipita kwenye ubao wa matangazo najifanya nafunga kamba ya kiatu, na mi navaa kandambili.

Mwezi huu Furaha akapiga simu.

"Tonton, huku tulisha kuongea na batu. Album inatoka mwaka yenye inakuya. Tunangojea weye tu."

"Ngojeni jina langu."

"Na kama jina haitoke?"

"Litatoka. Yule mama alisimama kunisalimia."

"Tonton, unatuambiaka ile ya yule mama kila mwaka." Akaongeza: "Kuko kijana moya hapa, anapiga gita muzuri. Kama mwezi inaisha na haukupiga, tutamupatia zile nafasi."

"Anapiga nini huyo? Anapiga mswaki?"

Hakucheka. Zamani alikuwa anacheka hata nikikohoa. Nikamsikia anamwambia mtu pembeni afunge mlango, baridi inaingia. Unaelewa? Ana mlango unaozuia baridi, ana maji ya moto ukutani, na mimi niliyemfundisha kusimama mbele ya maikrofoni ananiambia mwezi unaisha. Watu wakishafika wanakuwa na haraka. Hapa kambini walikuwa hawajui hata leo ni Jumanne.

Siku mbili nilipima huku na huku. Nikipiga kabla jina halijatoka, ni kusema kwa mdomo wangu kwamba siendi popote. Nisipopiga, kijana wa Kanada atakaa mahali pangu, na wewe siku moja utaipiga albamu hiyo redioni, mama yako ataongeza sauti asikilize gita la kaka yake, kumbe ni mkono wa mtu asiyemjua. Hilo likanishinda. Nikachukua kibali cha kutoka, nikatia gita ndani ya mfuko wa unga, nikapanda kabaza mpaka barabarani, nikaingia minibasi.

Chisomo kuniona na gita, akaruka. "Bambo! Zamu yako imefika! Unaenda wapi?"

Hakuna mtu anayeingia pale na chombo chake kisha akabaki. Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema ukweli, naapa. Lakini unaujua mdomo wangu.

"Australia," nikasema.

"Lini?"

"Wanatafuta ndege yenye nafasi ya miguu."

Akanikumbatia, akaniita ndugu, zikomo, zikomo, sijui ananishukuru nini. Akanivalisha vile vya masikioni. Na hapo, Asifiwe, nikawasikia. Ndayi anaangusha kijiti kwenye wimbo wa tatu na kukiokota bila kupoteza mwendo. Amani anavuta makamasi. Na Furaha, mahali alipokuwa ameniachia nafasi, anasema polepole, "Haya, Tonton." Maneno hayo yalikuwa yananingoja mle ndani muda wote huo. Nikapiga. Nilipiga zote bila kurudia hata moja, nyuzi zikakatika, Chisomo akazima feni akidhani ni yenyewe inayonguruma. Wimbo wa mwisho ulipoisha, umeme wa Biwi nzima ukakatika. Wanasema ni mgao. Wasemao waseme.

Kosa likawa moja tu. Mle salunini alikuwa amekaa Mama Nabintu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, amekuja mjini kusuka nywele. Aliisikia hiyo Australia. Mi nikiwa bado nachomoa nyaya, yeye ameshapanda minibasi, kichwa nusu kimesukwa.

Nilipofika nyumbani nilikuta watu mlangoni mpaka njiani, wanaimba.

"Mzee Bisimwa! Mungu alikukumbuka!"

"Atakuwa anatusahau huyu. Angalia, tayari anatembea kama muzungu!"

"Tonton, kitanda unaachia nani?"

"Mi nilimuambia mbele ya bote," Mama Nabintu akasema, "ndoo ni yangu."

Unajua desturi. Anayeondoka haondoki na vyungu. Anagawa, na anagawa akicheka. Ningefanya nini, nisimame katikati ya wimbo wao niseme siendi popote? Nikagawa. Kiti cha plastiki akachukua mchungaji. Mbabula, jiko langu la makaa, ikaenda kwa vijana wa nyuma. Ndoo akachukua Mama Nabintu, akaigonga chini kwanza kuona kama haivuji. Kitanda wakasema watangoja siku ya basi, hawana roho mbaya. Nikawahadithia kangaruu, kwamba wanafugwa kama mbuzi na wanaenda sokoni wenyewe. Walicheka sana. Mi pia nilicheka.

Asubuhi nikataka maji. Nikabisha kwa Mama Nabintu.

"Naomba ndoo kidogo, niende bombani."

Akanipa. Akasema, "Lakini uirudishe mbio, Tonton, miye sina ingine."

Nikairudisha. Kesho yake pia niliiomba. Na leo. Leo aliniangalia, kisha akanijazia yeye mwenyewe maji kutoka kwenye pipa lake.

Basi mtoto wa dada, nakuomba kitu. Tangaza. Ile ya Kauma iache, anza na yetu. Sema Bati Moto wanatoa albamu mwaka ujao, wenyewe, bila kampuni. Taja batri, Ndayi, yuko Kanada. Taja besi, Amani, Kanada. Taja sauti, Furaha, Kanada. Ukifika kwa gita la solo, taja jina langu lote, halafu useme Dzaleka, Malawi. Sema hivyo mara mbili. Hapa kila mtu ana ndugu huko Bukavu anayempigia simu, na redio yako inasikika mpaka kwenye vibanda vya sokoni kwenu. Neno kwamba siendi popote litarudi huku kabla ya juma kuisha, litapita nyumba kwa nyumba. Mi nitakaa ndani nisubiri liwafikie. Mdomo wangu umejaribu, haukuweza. Tumia wako.

Msalimie mama yako, mwambie nimepiga vizuri kuliko enzi zetu za parokiani. Msalimie baba yako, fundi wa viatu asiyetaka dawa. Msalimie bibi yako, na kama masikio yake bado, umwambie kwa ishara. Msalimie shangazi yako Zawadi, muuza samaki, ingawa najua bado amenuna. Na wale wadogo zako wanaonijua kwa picha tu, uwaambie mjomba ni mrefu kuliko picha.

Mkitaka kuniandikia, anwani ni ileile.

Mimi mjomba wako,
Bisimwa, gita la solo, Bati Moto