Safari ya Kumwogesha Mjukuu

Saltpond, 3 Februari

Mwanangu Araba,
Hujambo wewe na tumbo lako? Mimi nipo. Usinipigie simu tena. Ikilia tu, moyo unaruka. Andika, umpe dereva wa basi.

Daktari amenipima, anasema dawa za mapigo ya moyo zinafanya kazi, kilichobaki ni hofu. Hofu tu, na wiki iliyopita nilikimbizwa hospitali mara tatu! Kutwa vidole viko shingoni, nahesabu mapigo. Kazi ya kupika na kuuza madonge ya kenkey nimemwachia shangazi yako Esi. Daktari anataka nimwone mnasihi, Bwana Dadzie. Nikamwambia naumwa moyo, sina wazimu.

Kuja huko Tamale kumwogesha mtoto akizaliwa, kama desturi ya bibi, nisamehe. Kutwa nzima barabarani, nitafia njiani.
Mama yako

Tamale, 11 Februari

Mama,
Nakuamkia. Umelalaje? Mgongo unaniuma, mengine salama.

Mume wangu Fuseini anasema shangazi zake watamwogesha mtoto. Wapo, ndiyo. Mimi nakutaka wewe. Ulibeba masufuria ya kenkey ukiwa na mimba yangu, leo unaogopa kiti cha basi?
Binti yako

Tamale, 6 Machi

Mama,
U hali gani? Wiki tatu hujajibu. Niliandika kwa hasira. Hata mstari mmoja nitashukuru.
Binti yako

Saltpond, 20 Machi

Araba,
Natumai mgongo umepoa. Barua yako ya kiti cha basi niliichana, nikaenda kwa Dadzie kukushtaki.

Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, “Mama, moyo ukiruka unafanya nini?”

“Nakaa, nangoja kufa.”

“Umengoja mara ngapi?”

Nikashindwa kuhesabu. Nikacheka, kisha nikalia.

Sasa, kwa ruhusa ya daktari, kila Alhamisi tunapanda naye kilima cha kanisani, na shingo ni marufuku kuishika. Siku ya kwanza moyo ulikwenda mbio kama mbuzi aliyekata kamba. Nikaketi juu ya jiwe nikamtukana Dadzie, yeye na ukoo wake. Akangoja. Hofu ikapita. Daktari amenieleza dalili za kukimbilia hospitali: kifua kubana, kuzimia. Zisipokuwepo, nipumue taratibu.

Hofu bado ipo. Safari sikuahidi.
Mama yako

Kumasi, 9 Aprili

Araba,
Pole na hongera. Fuseini alimpigia Esi jana, nikasikia ni msichana. Leo asubuhi nikapanda basi kabla sijabadili mawazo.

Tulipofika Kumasi moyo ukaanza. Nikashuka, basi likaondoka bila mimi. Kifua hakibani, sijazimia. Nimeketi kituoni kwa muda wa saa mbili nikipumua, na mapigo yametulia, au nimechoka kuyasikiliza. Basi la kurudi kwetu pwani lilisimama mbele yangu, mlango wazi, na mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Muuza maji akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia, “Kumwogesha mjukuu wangu.” Nilipokwisha kusema hivyo, nikaona aibu kupanda hilo.

La Tamale limejaa. Nimekata tiketi ya linalofuata. Barua hii inatangulia na dereva wake. Hofu bado ninayo. Kesho asubuhi wachemshe maji, lakini mtoto asiguswe na mtu kabla sijafika.
Bibi yake