Msiazime Magodoro

Pasiansi, Mwanza
Jumatatu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na mihogo ya kule bondeni, nguruwe wameiachia? Mimi ni mzima, ila vidole vimekauka kwa barafu ya kiwandani. Minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunarudi nyumbani na mapanki, mifupa mitupu.

Baba, moyo wangu hauko sawa. Wifi yangu, mke wa kaka Magesa, ana mimba ya miezi minane, na zahanati yetu haina mkunga wala dawa. Sisi wa kisiwani tunaoishi huku tumekwenda ofisi ya afya mara tatu kudai. Safari ya tatu yule bwana akafungua faili, akasoma: vitanda vinne vina magodoro, kabati limejaa dawa, mazingira safi sana.

"Dada, kwenu mna nafuu," akasema. "Kuna visiwa wagonjwa wanalala chini."

Niliona aibu. Nilikumbuka yule mgeni wa mwaka juzi aliyekuja kukagua zahanati. Wewe kama mwenyekiti ulisema asije akatukuta masikini. Magodoro tukaazima misheni. Chupa tupu za dawa tukazipanga kabatini, mimi mwenyewe nikizifuta vumbi. Mgeni akala kuku, akaandika, akaondoka, na kesho yake magodoro yakarudishwa. Sikulaumu peke yako, Baba. Kwenye kumwimbia mgeni nyimbo za kumpokea nilikuwa mbele.

Nikamweleza ukweli wote.

"Kwa hiyo mlimdanganya?"

"Tulimkaribisha," nikajibu. "Kwetu mgeni haonyeshwi shida."

Hakucheka. Akasema atakuja mwenyewe Alhamisi, na akikuta tofauti na maneno yangu, faili analifunga.

Ndiyo maana barua hii nimempa Mama Tabitha, yule muuza dagaa, anayevuka kesho. Nakujua. Ukisikia ofisa anakuja utapiga filimbi, watu watoke na mafagio. Naogopa kukuambia hivi, maana mtoto hamwagizi baba yake, lakini nakuomba: msifagie, msiazime kitu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Na wagombea wa vyama watakapokuja na kofia zao, wawe wa chama chochote, waulizwe habari ya zahanati kwanza. Ngoma zije baadaye.

Msalimie kaka Magesa, na wifi umwambie asibebe maji. Bibi naye umpe shikamoo yangu, dawa ya macho nimemfungia kwenye khanga aliyobeba Mama Tabitha.

Ofisa akitaka kukaa, Baba, usimletee kiti cha nyumbani. Mkalishe kwenye kile kitanda cha dirishani. Magodoro yalikuwa yamerudishwa siku mbili tu, Mama alipofia pale juu ya mbao.

Mwanao anayekupenda na kukuogopa,
Leokadia