Mkalimani wa Sinema Isiyosema

Silibwet, Jumapili jioni, Julai 1996

Baridi bado ipo, na mvua ya leo imeacha matope mpaka mlangoni. Nimeketi jikoni, miguu karibu na moto, na nina furaha. Ninaliandika hilo kwanza kwa sababu nikilisoma daftari hili naona limejaa malalamiko matupu: mshahara wa ualimu, baridi, ng'ombe anayepiga ndoo teke. Leo sina malalamiko. Nina aibu kidogo, lakini nitaifikia.

Kanisani kulikuwa na sinema. Mwalimu Nyakundi, ambaye ni naibu wa mwalimu mkuu shuleni kwetu na pia mzee wa kanisa, aliazima televisheni na mashine ya kanda kwa shemeji yake wa Kericho, akaomba jenereta ya mwenye kinu cha posho. Madirisha tuliyafunika kwa mablanketi. Tangu wiki jana alikuwa akitangaza kwamba ni sinema ya mtu mweusi kama sisi aliyeko ng'ambo, kwa hivyo watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Vijana walitaka kuona magari na majumba marefu. Akina mama wenye watoto huko walitaka kuona watoto wao wanalala wapi.

Mimi nilipewa ukalimani. Kanisani kwetu hakuna neno la Kiingereza linaloachwa lipite hivi hivi. Mgeni akikohoa tunatafsiri. Nikasimama kando ya televisheni na sweta yangu nzuri, tayari kuwageuzia akina mama Kiingereza kuwa Kipsigis.

Mtu wa sinema hakusema kitu.

Aliamka, akatazama theluji dirishani. Akavaa koti, akaenda kufagia kituo cha treni, akarudi. Akamimina maji ya moto kwenye kikombe, akatumbukiza kijifuko cha majani chai, akanywa akitazama ukuta. Kesho yake vile vile. "Tafsiri," mtu akasema kutoka nyuma. Nikamjibu kwamba hajasema kitu. Wakacheka. Baadaye kidogo wakaniuliza kama nimelala kazini. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, si upeleke mbele kidogo? Hii kitu imekwama." Mwalimu Nyakundi akajibu kwamba haijakwama, ndivyo ilivyo.

Vijana walianza kuinuka watoke, na hapo hapo mvua ya mawe ikashuka juu ya mabati. Hakuna aliyetoka. Sauti ya televisheni nayo hatukuisikia tena, na hatukukosa kitu.

Kilichowaudhi akina mama ni chai. Hapa kila boma linachuma majani, na hawajawahi kuona mtu akipika kikombe kimoja. Kogo Rael, bibi mzee anayekaa mstari wa mbele kila Jumapili, aliuliza kama maziwa yamekwisha nchi hiyo. Mwenzake akasema shida si maziwa, ni sufuria. Mtu akipima maji ya kikombe kimoja, ameshajua hakuna atakayebisha hodi. Baada ya hapo hawakuicheka tena ile chai.

Mvua ikapungua. Mimi nilikuwa nimechoka kusimama bure, nikaanza kumsaidia yule mtu. Alipotazama dirisha nikasema anawaza nyumbani. Alipoketi kitandani nikasema, "Anasema, nawakumbuka nyote." Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, watu wanasikitika na kutikisa vichwa, mpaka mama yangu akasema kutoka mstari wa tatu, bila kupaza sauti:

"Wacha kumsemea. Mdomo wake haujafunguka."

Uso ulinichoma. Hapa ndipo ile aibu inapoingia.

Kaka yangu Lang'at, kifungua mimba wa mama, yuko ng'ambo mwaka wa tano sasa. Baba alipofariki mwaka juzi, hakuja kumzika. Aliandika kwamba karatasi zake haziko sawa, akitoka hataruhusiwa kurudi. Mama hakutaka kusikia habari ya karatasi. Kaburini, udongo wa kwanza, ule tuliomwekea Lang'at, ulitupwa na mtoto wa jirani, na mama aliutazama ule mkono mpaka mwisho. Tangu siku hiyo hajamtaja. Barua zikija ananiambia nijisomee huko.

Nami husoma, kisha hujibu. Na kila barua huimaliza hivi: Mama anakusalimu sana.

Hajamsalimu hata mara moja. Ni mimi. Kwa miaka miwili nimeziandika salamu hizo kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, na Lang'at hunijibu akizishukuru. Nilijiambia ni huruma, na labda ni huruma kweli. Lakini pia niliogopa kwamba nikimwambia ukweli ataacha kuandika, na mimi nitabaki katikati ya watu wawili walionyamaza.

Basi nikafunga mdomo, na sinema ikaendelea bila mimi.

Simu ikalia. Yule mtu akasikiliza kwa muda mrefu, halafu akasema sentensi moja tu, nami nikaitafsiri kama ilivyokuwa: "Asante kwa kuniambia." Akaitoa picha ya mzee ukutani, akaisimamisha mezani. Akapiga viatu rangi. Akavaa suti nyeusi na tai. Watu wakaambiana kwamba sasa anakwenda kiwanja cha ndege, na baba mmoja akamkumbusha abebe mwavuli. Yeye akavuta kiti, akaketi mbele ya picha na mikono magotini. Akaketi tu. Mwanga wa dirishani ukafifia mpaka giza likaingia, naye bado ameketi na suti yake. Mwishowe akavua viatu, akavipanga chini ya kitanda.

Mvua ilikuwa imekwisha na mlango ulikuwa wazi, lakini hakuna kijana aliyetoka wala aliyeomba kanda ipelekwe mbele.

"Amemzika," Kogo Rael akasema.

Akasimama, kama tunavyosimama makaburini. Walio karibu naye wakasimama, kisha kanisa zima. Wa nyuma hawakuona tena televisheni, na hakuna aliyelalamika. Mama naye alisimama. Sikuthubutu kumtazama usoni.

Mwishoni Mwalimu Nyakundi aliomba radhi kwamba kanda haikuwa na mambo mengi. Kogo Rael akamuuliza ataileta tena lini.

Tulirudi nyumbani, mama mbele, mimi nyuma, tukikwepa madimbwi. Akakamua ng'ombe, nami nikabandika sufuria ya chai. Alipoketi aliniambia nilete karatasi na kalamu.

"Mwambie nilikasirika," akaanza.

Nikaiweka kalamu chini. Nikamweleza yote, barua zote, salamu zote. Nilingoja kutukanwa. Alisukuma kuni ndani ya moto, akapangusa mikono kwa leso yake.

"Hizo zilikuwa zako," akasema. "Si mbaya. Sasa andika zangu."

Nikaandika neno kwa neno, bila kuongeza. Kwamba alikasirika kwa sababu udongo wa baba yake ulitupwa na mkono wa mtu mwingine. Kwamba leo ameona vile mtu huzika akiwa mbali. Kwamba anataka kujua Lang'at aliketi wapi siku hiyo, na kama alivaa suti. Kama hakuvaa, aseme pia. Na anunue sufuria.

Nikauliza sufuria ya nini.

Akasema ni ya chai, asipike tena kikombe kimoja. Hakuna aliyemwambia kwamba Lang'at hupika kikombe, na mimi sikumsahihisha.

Lang'at akiisoma barua hii atajua kwamba zile nyingine zilikuwa zangu. Itabidi anisamehe au anicheke. Nikimjua kaka yangu, atafanya yote mawili, na atanicheka kwanza. Hilo halinisumbui jioni hii. Najihisi mwepesi, kama siku ya kufunga shule.

Nilipofika chini ya ukurasa, mkono wangu ulitaka kwenda wenyewe kwenye ile sentensi ya siku zote. Nikauzuia. Nikamuuliza mama kama nimalizie na salamu. Alikuwa anamimina chai, akavijaza kwanza vikombe vyote viwili.

"Mwambie namsalimu," akasema. "Sana."

Nimeandika. Maneno ni yale yale na mwandiko ni ule ule, ila leo mdomo wake umefunguka. Bahasha iko juu ya redio. Asubuhi, kabla ya kengele ya shule, nitakuwa mlangoni pa posta.